Telefone ya biro isilie bure



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaongea juu ya vipando vya muhogo, ugonjwa wa mosaiki, na nafasi kati ya mistari ya mpunga. Leo tunaongea juu ya kile chombo ambacho kinakaa kwenye meza ya sekretere, kimefunikwa kitambaa ili kisipate vumbi, na ambacho wengi wetu tunakijulia butoni mbili tu: ya kupokea na ya kukata.

Tuanze na mambo tuliyoyaona. Msimu mmoja koperative ya mpunga ya upande wa Isangi, yenye kabiro kake ka kuuzia hapa Kisangani, katika komini Makiso, ilishusha magunia 60 ya mpunga kutoka balenyeri. Kila gunia kilo 100. Mununuzi wa Kinshasa alikuwa ameahidi kupiga telefone, na kweli alipiga, mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa jioni. Telefone ililia ndani ya biro iliyofungwa. Kesho yake asubuhi sekretere alipokea, lakini bei alikuwa anaijua jeran peke yake. Sekretere akalaza kombine juu ya meza, akatoka mbio kumtafuta jeran kule depo. Mununuzi akabaki anasikiliza kengele za toleka, watu wakicheka, na mama mmoja akiuliza bei ya sombe. Alingoja, alingoja, akakata. Mara ya tatu alimpata jeran. Wakapatana bei, wawili tu, na mpunga ukauzwa.

Hapo ndipo taabu yenyewe ilianza. Kule kijijini kukatoka maneno kwamba bei ya kweli ilikuwa juu zaidi, kwamba jeran amekula faranga 10.000 juu ya kila gunia. Kwa magunia 60 hiyo ni faranga 600.000. Jeran alikataa. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba ni mwizi, na yeye pia hakuweza kuonyesha kwamba ni mtu wa haki, kwa sababu hakuna mwingine aliyesikia bei. Msimu uliofuata wakulima wengine hawakuleta tena mpunga wao ku koperative. Waliuza kila mtu kivyake, kwa wachuuzi wa mtoni, kwa bei ya wachuuzi.

Simu tatu, makosa matatu. Na kwa kila kosa, dawa ilikuwa tayari ndani ya ile telefone.

Telefone gani?

Biro zetu nyingi hazina waya wa telefone. Ile telefone ya meza mnayoiona ina sura ya zamani, yenye kombine na butoni kubwa, lakini ndani yake kuko kadi SIM, sawasawa na telefone ya mkononi, pamoja na antena na betri ndogo. Kwa hiyo karibu yote tunayoeleza hapa mnaweza kuyafanya pia na telefone ndogo ya mkononi, hata ile ya butoni isiyo na intaneti.

Kadi hiyo ni ya nani? Tumekuta koperative ambazo kadi iliandikishwa kwa jina la prezida wa kwanza. Siku alipoondoka kwenye komite, alitoka na kadi mfukoni, na wanunuzi wa miaka mitano wakamfuata. Koperative iliyoandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iko ndani yake tangu 2012, ni mtu mbele ya sheria: inaweza kuwa na mali, na inaweza kuwa na nimero yake ya telefone. Nendeni ajansi ya rezo na karatasi za koperative, muulize namna ya kuandikisha kadi kwa jina lake. Fanyeni hivyo kabla ya uchaguzi wa komite.

Kumngojesha mtu bila kumpoteza

Kosa la sekretere halikuwa kwenda kumtafuta jeran. Kosa ni kulaza kombine mezani. Mtu wa upande mwingine hajui kama amesahauliwa, na zaidi anasikia kila kitu. Siku nyingine angeweza kusikia mtu wa biro akisema: «Tukubali hata bei ya chini, mpunga utaoza.» Mununuzi akisikia hivyo, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Karibu kila telefone ina njia ya kungojesha. Kwenye telefone za meza ni butoni yenye herufi R, au yenye neno «Attente». Kwenye telefone ndogo mnaikuta ndani ya menyu wakati mnaongea. Ukibonyeza, simu haikatiki, lakini yule mtu hasikii tena sauti za biro. Ukibonyeza tena, mnaendelea. Kwenye telefone nyingi za SIM kuko njia nyingine pia: unaandika 2, kisha unabonyeza butoni ya kupiga.

Lakini kabla ya kubonyeza, sema. Mtu aliyeachwa kimya bila neno anafikiri rezo imekatika. Tulimfundisha sekretere mmoja aseme hivi, na mpaka leo anasema hivyo:

«Alo, hapa ni koperative, biro ya Kisangani, ni sekretere anasema. Ni nani, tafazali?… Ndiyo papa, mpunga iko. Lakini bei, jeran njo anajua. Ungoje dakika moja tu, niko namuita. Kama inakatika, mimi mwenyewe nitakupigia. Nimero yako ni hii naona hapa?»

Dakika moja iwe dakika moja. Unite zinazokwisha ni za mununuzi, si zetu. Kama jeran yuko mbali, kule bichi au ng'ambo Lubunga, musimngojeshe mtu: chukueni nimero, mwambieni saa ya kumpigia, na muishike hiyo saa.

Mkipiga kwenye biro kubwa, kama hospitali, kampuni ya usafiri au hata mradi wetu, mnaingia kwenye santrali. Huko nimero moja ya nje inaongoza telefone nyingi za ndani, kila moja na nimero yake fupi. Mtu wa stande anapokea, anabonyeza R, anaandika nimero fupi ya mwenzake, anangoja mwenzake apokee, anamwambia nani yuko kwenye laini, kisha anaweka kombine chini. Hapo simu yenu imehama. Kimya mnachokisikia katikati ndicho hicho, musikate. Na mkishaijua ile nimero fupi ya mtu mnayemtaka, iandikeni, kwa sababu siku nyingine mtaomba hiyo moja kwa moja na mtapunguza unite. Kwa telefone ya SIM musitegemee kuhamisha simu namna hiyo. Kuko njia nyingine, tutaieleza chini, ya kuunganisha watu watatu.

Simu ifuate mtu: renvoi

Turudi kwenye simu ya kwanza, ile ya jioni. Wengi wanasahau kwamba Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Biro ikifungwa hapa Kisangani saa 16, Kinshasa ni saa 15 tu, watu wako bado kazini. Mununuzi wa kule akimaliza kuhesabu kese yake saa 16 na kushika telefone, kwetu ni saa 17 na mlinzi peke yake ndiye yuko pale. Mwendo wa mto kutoka huku mpaka Kinshasa ni karibu kilometa 1.700, na mpunga unaokosa nafasi ndani ya boti unaweza kungojea wiki nyingi kupata boti nyingine. Kwa hiyo hiyo saa moja si kitu kidogo.

Dawa yake inaitwa renvoi: telefone ya biro inapeleka simu kwenye telefone ya mtu mnayemchagua. Yule anayepiga haoni tofauti. Inawekwa kwa nyota na dieze, kwenye telefone ya biro yenyewe, kisha butoni ya kupiga:

**61*nimero# inapeleka simu kama hakuna anayepokea.
**67*nimero# inapeleka kama telefone inatumika na mtu mwingine.
**62*nimero# inapeleka kama telefone imezimika au rezo hakuna.
**004*nimero# inaweka hizo tatu kwa mara moja.
**21*nimero# inapeleka simu zote, na telefone ya biro hailii kabisa.
*#61# ni ya kuuliza kama renvoi ya 61 imewekwa na kwa nimero gani. Vilevile *#21# na zingine.
##004# inafuta zile tatu za kwanza, na ##002# inafuta zote.

Alama hizi ni za mpangilio wa telefone za GSM dunia nzima, si za kampuni moja. Lakini kila rezo inaamua nini inafungulia wateja wake na kwa bei gani. Mkiandika na kioo kikajibu kwamba haiwezekani, ulizeni ajansi kabla ya kusema telefone imekufa.

Sisi tunawashauri 004. Mchana biro inapokea kama kawaida. Hakuna mtu, au kura imekatika na betri imekwisha (mnajua wenyewe namna umeme wa maporomoko ya Tshopo unavyokuja na kuondoka), simu inaenda kwa jeran au kwa yule wa zamu. Ile 21 tunaiogopa. Sisi wenyewe tuliiweka mara moja, tukapeleka simu zote za biro kwenye telefone ya mmoja wetu, kisha huyo mmoja akapanda moto kwenda upande wa Ubundu kutazama mashamba. Baada ya kilometa chache rezo ikabaki nyuma. Siku mbili nzima biro ilikuwa na watu, telefone iko mezani, na haikulia hata mara moja. Tukajiambia wiki imetulia. Kumbe wanakoperative walikuwa wanatutukana, na walikuwa na haki.

Mambo matatu tena juu ya renvoi. Kile kipande cha pili cha simu, kutoka biro mpaka kwa jeran, kwa kawaida kinalipwa na kadi ya biro. Bila unite ndani yake, simu haifiki. Pili, renvoi inapeleka sauti tu. Mesaji zinabaki kwenye kadi ya biro, pamoja na mesaji za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kama mununuzi ametuma avansi, jeran hataiona kwenye telefone yake. Lazima mtu arudi biro kutazama.

Na la tatu ni la hatari. Kuko watu wanapiga wakisema ni wa kampuni ya telefone: «Mama, nimero yenu itafungwa leo, andika nyota nyota makumi mbili na moja…» halafu wanataja nimero yao. Mkiandika, mmewapa renvoi ya simu zote. Mununuzi wenu akipiga, anapokea mwizi, anajiita jeran, anamwambia: avansi uitume kwa nimero hii mpya. Programu kama WhatsApp nazo zinaweza kutuma kodi ya kuingilia kwa sauti, na hiyo kodi itasomwa kwenye sikio la mwizi. Kwa hiyo biro iwe na amri moja: hakuna kuandika nyota wala dieze inayotolewa na mtu aliyepiga yeye, hata akijua jina la prezida. Kodi ya siri ya pesa haitajwi kwa mtu yeyote. Na kila Jumatatu asubuhi sekretere aandike *#21# kutazama kama kuna renvoi ambayo koperative haikuiweka. Akiikuta, aandike ##002#, halafu aweke tena 004 ya koperative.

Bei isikiwe na zaidi ya mtu mmoja

Sasa ile simu ya tatu, iliyovunja koperative. Jeran peke yake na mununuzi peke yake.

Njia nyepesi ni haparleri. Butoni yake iko na mchoro wa haparleri, na telefone ya meza ina sauti ya kutosha chumba kidogo. Iteni watu wawili wa komite na kontabli, fungeni mlango, na mwambieni mununuzi: «Papa, tuko wane hapa, prezida na kontabli wanasikia.» Musimfiche. Si adabu, na akigundua baadaye hataamini tena neno lenu. Mununuzi wa haki hakatai. Yule anayekataa amewafundisha kitu bila kulipisha.

Kama prezida yuko Isangi na jeran yuko Kisangani, tumieni «conférence». Jeran anapiga kwa mununuzi, anamwambia angoje, anamngojesha. Anapiga kwa prezida. Prezida akishapokea, jeran anaandika 3 na kubonyeza butoni ya kupiga, au anachagua «Conférence» ndani ya menyu. Sasa watatu wanasikiana. Mpangilio wa GSM unaruhusu mpaka watu 5, bila kumhesabu yule anayeunganisha, lakini zaidi ya watatu ni kelele tupu, hasa rezo ya Isangi ikicheza. Kadi ya biro inalipa simu mbili kwa wakati mmoja, basi unite zitiwe mapema. Kukatika katikati ya bei kunaharibu kila kitu.

Mmoja tu ndiye anaongea bei, wengine wanasikiliza. Na mwishoni huyo mmoja anarudilia mapatano yote kwa sauti, polepole. Hapa tunakaa kidogo, sababu tumesikia makosa ya ajabu.

Kwanza, mpunga au mchele? Kilo 100 za mpunga zikitoka mashineni zinatoa karibu kilo 60 mpaka 65 za mchele, na mashine mbaya inatoa chini ya hapo. Magunia yetu 60 ni kilo 6.000 za mpunga, lakini ni kilo 3.600 mpaka 3.900 tu za mchele. Mtu wa Kinshasa akisema kwa Kifaransa «riz» bila neno la pili, anaweza kuwa anawaza mchele mweupe, na ninyi mnawaza paddy. Bei inayofurahisha biro nzima inaweza kuwa bei ya kitu ambacho hamna. Pili, hesabu: «sita» na «sitini», «saba» na «sabini», rezo ikikwaruza zinafanana. Semeni namba moja moja: sita, sifuri. Tatu, gunia la kilo ngapi, faranga au dola, nani analipa watu wa kubeba pale bichi, nani analipa boti, pesa inafika kabla mzigo haujatoka au baada yake. Mununuzi ajibu ndiyo kwa kila moja. Kontabli anaandika wakati huohuo ndani ya kaye: siku, saa, nimero, majina ya waliosikia, na wale waliosikia wanatia sinyatire.

Kama ile koperative ya Isangi ingekuwa na ukurasa huo, jeran angeufungua mbele ya mkutano mkuu, na maneno ya faranga 600.000 yangekwisha dakika ileile, upande mmoja au mwingine.

Juu ya bipu tuseme kwa ufupi. Wakulima wanabipu biro ili biro iwapigie, na biro isiyo na mpango inamaliza unite kabla ya tarehe 10 ya mwezi. Chagueni saa mbili za siku za kurudishia bipu, zitangazwe. Sekretere afungue orodha ya simu zilizokosa kupokelewa, aanze na nimero asizozijua, kwa sababu mshiriki atabipu tena kesho, lakini mununuzi mpya hatabipu.

Haya yote hayashikwi kwa kusoma. Kwenye mkutano wenu ujao wa komite wekeni telefone ya biro katikati ya meza, pamoja na telefone mbili za mkononi. Mmoja awe mununuzi, akae nje chini ya mti. Mumngojeshe, mumuunganishe na prezida, mrudilie bei. Kisha zimeni telefone ya biro, mpige mkiwa nje, mtazame kama simu inamfikia wa zamu. Mara ya kwanza mtakata simu, mtacheka. Heri mkate simu ya mwenzenu wa chini ya mti. Na mahali telefone inapokataa, andikeni maneno yanayoonekana kwenye kioo, neno kwa neno hata kama ni Kifaransa kisichoeleweka, mutuletee siku ya kuchukua mbegu.